Kurejesha Nyumbani Milango ya Peugeot 504 Pikapu Iliyoliwa na Kutu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyomo humu yamekusudiwa mmiliki wa pikapu ya zamani mwenye nafasi ya kufanyia kazi nyumbani, vifaa vya kawaida na subira. Gari lililochukuliwa kuwa mfano ni Peugeot 504 pikapu, ambalo kwa miaka mingi liliunganishwa Mombasa na ambalo bado linabeba mizigo mashambani na mijini Afrika Mashariki. Mengi ya yanayosemwa hapa yanafaa pia kwa Datsun, Toyota Hilux za mwanzo na pikapu nyingine zenye milango ya chuma kitupu. Land Rover ina jibu lake peke yake karibu na mwisho.

Kwa nini mlango huoza chini wakati juu bado ni mzima?

Kwa sababu mlango wa gari haukuundwa kuzuia maji yasiingie, bali kuyapokea na kuyatoa. Mvua inayotiririka juu ya kioo hupita kwenye raba inayokipangusa, hushuka ndani ya mlango, kisha hutoka kwa matundu madogo yaliyoachwa kwenye ukingo wa chini. Raba ikiwa mpya, maji yanayoingia ni machache. Ikikauka na kupasuka kwa jua, huingia mengi. Wakati huohuo vumbi la barabara hushuka kwa njia ileile, hugeuka tope na kuziba matundu, na hapo maji hayana pa kwenda.

Kuna mahali pa pili ambapo watu wengi hawapaangalii. Bati la nje la mlango hushikamana na fremu ya ndani kwa kukunjwa ukingoni, yaani bati la nje linazungushwa na kubanwa juu ya ukingo wa bati la ndani. Pindo hilo lina nafasi nyembamba sana ambayo maji huingia na kujibana, na upepo haufiki kuikausha. Kutu ikianza humo, huvimba, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na kulifumua pindo polepole. Malengelenge unayoyaona kwenye rangi ya nje ni dalili ya mwisho ya ugonjwa ulioanzia ndani zamani. Ndiyo maana kazi inayoanza na kuishia upande wa nje hairejeshi mlango. Inauficha tu kwa msimu mmoja au miwili.

Chumvi huzidisha mambo. Pwani, kuanzia Tanga hadi Malindi, hewa yenyewe imebeba chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, hivyo chuma huliwa haraka zaidi. Gari lililoishi Nanyuki au Iringa huwa na hali tofauti kabisa na lililoegeshwa miaka yote karibu na bahari, hata kama umri wao ni mmoja.

Nitajuaje kutu imefika wapi kabla sijaanza kukata?

Ondoa kwanza kishikio cha kupandishia kioo, mkono wa mlango na kava la ndani, kisha ubandue karatasi ya plastiki iliyo nyuma yake. Ingiza tochi na kioo kidogo cha mkononi, uangalie chini kabisa. Mara nyingi utakuta rundo la udongo, majani makavu na vipande vya raba vilivyoshikana kuwa kitu kimoja kigumu. Litoe lote kwa mkono uliovaa glavu na kwa kijiko cha bati, kisha puliza kwa hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani ya kinga. Usipitishe maji siku hiyo. Unataka kuona hali halisi, na maji yatageuza kila kitu kuwa rangi moja.

Baada ya hapo shika bisibisi na ugongegonge ukingo wa chini kwa mpini wake, ukitoka upande wa bawaba kuelekea upande wa kitasa. Bati zima hutoa mlio mkali na bisibisi hudunda mkononi. Ukifika palipooza, mlio hufifia, na unga mwekundu huanza kudondoka kutoka kwenye pindo. Geuza bisibisi, usukume ncha yake kwa nguvu ya kidole gumba. Ikizama, pakatwe, ikiacha mkwaruzo tu, huenda pakaokolewa. Weka alama kwa chaki, na mstari wa chaki uende sentimita tatu au nne zaidi ya mahali ambapo bisibisi ilizama, kwa kuwa bati linalopakana na tundu huwa limekwisha kuwa jembamba hata likionekana zima, na halitastahimili moto wa kuchomelea.

Je, ni lazima kuung'oa mlango kwenye gari?

Kwa kutu ya juujuu, si lazima. Kwa kazi yoyote ya kukata, kuchomelea au kutibu pindo, ung'oe. Mlango uliolazwa juu ya meza au magogo mawili yaliyofunikwa gunia unaweza kugeuzwa, na kutu ya ndani haitibiki bila kuugeuza. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, chora mstari kwa ncha ya msumari kuzunguka kila bawaba mahali inapokalia, ili ujue pa kurudisha. Mtu mmoja aushike mlango au jeki yenye kipande cha mbao iuzuie kwa chini, kwani mlango wenye kioo ni mzito kuliko unavyoonekana. Toa kioo pia, pamoja na mashine yake na kitasa. Cheche za grainda huacha vidoa vya moto kwenye kioo ambavyo havitoki tena.

Fanya mlango mmoja kwa wakati. Ule mwingine ubaki kwenye gari ukiwa mzima wa umbo, kwa sababu ndio kipimo chako pekee cha kila kona na kila mviringo utakaolazimika kuunda upya upande wa pili.

Nikarabati mlango nilionao au ninunue mwingine uliotumika?

Hesabu inategemea mambo mawili: hali ya fremu ya ndani na upatikanaji wa mlango bora. Bati la nje likiwa limetoboka chini huku fremu ikiwa imara, karabati, maana kipande cha sentimita kumi cha bati hakina gharama kubwa. Fremu ikiwa imeoza kwenye kona ya chini upande wa bawaba, ambako uzito wote wa mlango unabebwa, kazi inakuwa ngumu mara tatu na hapo mlango uliotumika ni wa kufikiriwa.

Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wazee bado huiita Grogan, na Gerezani jijini Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia kuulizia. Nenda na bisibisi yako. Mlango wa kuuzwa mara nyingi umepakwa rangi mpya upesi, na rangi hiyo huwa nene zaidi palepale ambapo kutu iko. Ufunue, uangalie kwa ndani, ugonge ukingo kama ulivyogonga wa kwako. Beba pia vipimo vya urefu, upana na nafasi ya bawaba, kwa kuwa milango ya miaka tofauti inaweza kutofautiana kwa kitasa au kwa matundu ya kava. Kwa maoni yangu, mlango wa asili wa gari lako, uliokaa nalo tangu kiwandani na uliozoeana na mwili wake, ni wa kuokolewa kila inapowezekana.

Ni njia ipi bora ya kuondoa kutu nyumbani?

Hakuna moja inayofaa kila mahali, na mtu makini hutumia mbili au tatu kwenye mlango mmoja.

Kwa sehemu pana zilizo wazi, diski ya msasa au brashi ya waya kwenye grainda inatosha, mradi usibonyeze mahali pamoja kwa muda mrefu. Bati la mlango lina unene wa chini kidogo ya milimita moja. Likipata joto hutanuka, na likishatanuka halirudi, bali hubaki linapwaya na kutoa mlio ukiligusa. Sogeza mkono wakati wote, na ukiona bati limeanza kubadilika rangi kuwa samawati, umekwisha kulichoma. Brashi ya waya ina hila yake pia: hung'arisha kutu ikaonekana kama chuma. Angalia kwa makini chini ya jua, utaona vishimo vyeusi vidogo vilivyobaki. Vishimo hivyo ndivyo vitakavyorudisha malengelenge.

Kwa bawaba, mabano na vipande vya fremu vinavyoweza kuingia ndani ya chombo, molasesi ni dawa ya ajabu ambayo watu wa maeneo ya viwanda vya sukari, kama Kisumu na Kilombero, wanaweza kuipata kwa bei nafuu. Changanya sehemu moja ya molasesi na sehemu tisa za maji kwenye pipa la plastiki, zamisha chuma kabisa, na ukiache kwa wiki moja hadi tatu. Mchanganyiko hushika kutu na kuiacha chuma nzima karibu bila kuiumiza. Una harufu kali ya kuchacha, kwa hiyo pipa likae mbali na nyumba na lifunikwe dhidi ya nzi. Usiweke humo kitu chochote cha aluminiamu wala zinki, kwa kuwa vitaliwa. Hivyo kitasa cha mlango kisiingie. Mlango mzima unaweza kuzamishwa ukipata hodhi la kutosha, na faida yake ni kwamba maji hufika ndani ya pindo ambako msasa haufiki.

Njia ya tatu ni ya umeme. Soda safi ya kufulia (sodiamu kaboneti), ambayo ni ndugu wa magadi yanayochimbwa Ziwa Magadi, huyeyushwa kwenye maji kwa kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne. Chaja ya betri ya volti 12 huunganishwa hivi: waya hasi kwenye kipande chenye kutu, waya chanya kwenye chuma chakavu cha kutolewa kafara, na vipande hivyo viwili vizame ndani ya maji hayo bila kugusana. Ukibadilisha nyaya, ndicho kipande chako kitakacholiwa. Mambo matatu hapa si ya kupuuza. Usitumie chumvi ya mezani badala ya soda, kwa kuwa huzalisha gesi ya klorini. Hata magadi ya jikoni yamechanganyika na chumvi nyingine, kwa hiyo nunua soda safi. Usitumie chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, kwenye waya chanya, kwa kuwa huacha sumu ya kromiamu ndani ya maji. Na kazi ifanyike nje mahali penye hewa, bila sigara wala jiko karibu, kwa sababu mapovu yanayopanda yana haidrojeni ambayo hulipuka.

Chuma kikitoka kwenye maji yoyote kati ya hayo, kisuuzwe, kikaushwe mara moja kwa kitambaa na hewa ya moto, na kipakwe praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, siku hiyohiyo. Chuma tupu kilicholala usiku mmoja Mombasa huamka na rangi ya chungwa.

Dawa ya kubadilisha kutu, ile inayopakwa kwa brashi, haitoshi peke yake?

Inatosha kwa kazi yake, ambayo ni ndogo kuliko tangazo lake. Dawa hizi huwa na asidi ya fosfori au tanini, ambazo huibadilisha kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi au la kijivu lililotulia. Hufanya kazi vizuri kwenye vishimo vilivyobaki baada ya kupiga msasa. Ukiipaka juu ya magamba manene, itabadilisha uso wa juu na kuacha kutu hai chini yake.

Liko tatizo jingine ambalo limeharibu kazi nyingi nzuri. Mabaki ya asidi juu ya bati huzuia praima ya epoksi, ile ya sehemu mbili zinazochanganywa, kushika, na rangi huja kubanduka kama ganda. Soma maelekezo ya dawa na ya praima kwa pamoja. Praima ikikataa asidi, futa na usuuze dawa kama mtengenezaji anavyoagiza, au uache dawa kabisa na utegemee chuma safi.

Bati la kuzibia liwe la aina gani?

Liwe bati jeusi la chuma laini, geji 20, ambalo lina unene wa karibu milimita 0.9, au geji 22 iwapo bati la mlango wako ni jembamba zaidi. Geji 18 ni nene mno kwa bati la nje. Itakuwa ngumu kukunja na itavuta joto tofauti na jirani yake. Pima bati lako kwa kalipa mahali palipo safi kabla ya kwenda dukani.

Bati la kuezekea halifai. Limepakwa zinki, na zinki ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe unaomletea mchomeleaji homa, baridi na maumivu ya kifua saa chache baadaye. Wapo mafundi wanaokunywa maziwa wakiamini yanazuia homa hiyo. Kinga ni kutouvuta moshi huo hata kidogo.

Nichomelee kwa mashine gani, na nifanyeje bati lisipinde?

Mashine ya MIG, inayolisha waya yenyewe huku gesi ikiukinga mshono, ikiwa na waya wa milimita 0.6 ndiyo inayompa mtu wa nyumbani nafasi kubwa ya kufaulu. Gesi ya oksijeni na asetilini, mikononi mwa fundi mzoefu wa bodi, hutoa mshono laini unaoweza kunyooshwa kwa nyundo, ila joto lake husambaa sana na anayejifunza atapinda mlango. Mashine ya kawaida ya vijiti, ile ya kuchomelea mageti, hutoboa bati la mlango kila baada ya sekunde chache. Usijaribu. Kama huna MIG, andaa mlango mwenyewe, kata, unda kipande, kisha uupeleke kwa fundi akuchomelee mshono huo tu. Malipo yatakuwa madogo, na sehemu kubwa ya kazi itakuwa bado ni yako.

Kipande kikatwe kikae sawasawa ndani ya nafasi yake bila kulalia bati la pembeni, na pengo lisizidi milimita moja. Kona za kipande ziwe za mviringo, kwa kuwa kona kali hukusanya joto. Kishike kwa nukta ndogo za moto, moja kila sentimita mbili au tatu, ukiruka kutoka ncha moja hadi nyingine badala ya kufuatana. Gusa kila nukta kwa kidole kilichovaa glavu nyembamba; ikiwa huwezi kukiacha hapo, subiri. Jaza nafasi kati ya nukta kwa utaratibu huohuo mpaka mshono ukamilike. Kipande cha shaba kilichobanwa nyuma ya mshono hufyonza joto na kuzuia matundu, wala chuma cha kuchomelea hakishikamani nacho. Kazi hii haikubali haraka, na anayeikimbilia hulipa kwa fila, ule ujazo wa kusawazishia mabonde.

Kabla ya kumaliza mshono wote, urudishe mlango kwenye gari kwa bolti mbili mbili na uufunge. Fremu inaweza kujipinda kidogo wakati wa kukata, na ni rahisi kuigundua na kuinyoosha sasa kuliko baada ya rangi.

Fila inaruhusiwa? Na vipi kuhusu kuziba tundu kwa faiba?

Fila si dhambi. Ni ya kusawazisha uso, si ya kujenga ukuta. Baada ya bati kunyooshwa vizuri, tabaka la fila lisizidi milimita tatu, na mahali pengi lihitaji milimita moja tu. Koroga kichocheo, yaani dawa ya kuikausha, kwa kiasi alichoagiza mtengenezaji, kwa kawaida asilimia mbili hivi ya uzito, na ukumbuke kwamba kwenye joto la Dar es Salaam hukauka haraka sana, hivyo koroga kidogo kidogo. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, ukitumia ubao wenye msasa na si vidole, kwani vidole hufuata mabonde badala ya kuyaondoa.

Faiba, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo chenye gundi, iliyobandikwa juu ya tundu la kutu ni jambo jingine. Ukingo wa tundu unaendelea kuoza nyuma yake, na faiba huyashika maji dhidi ya chuma. Fila pia hunywa maji ikipata njia kutoka nyuma. Kwa hiyo upande wa ndani wa mlango lazima uwe umefungwa kwa chuma na praima kabla ya fila kuguswa.

Pindo la chini nitalitibu vipi bila kulifungua?

Likiwa zima na kutu ni kidogo, ulaze mlango huku pindo likiangalia juu, lipashe joto kidogo kwa hewa ya moto ili unyevu utoke, kisha umimine praima nyepesi ya epoksi au dawa ya kupenya ifuate mshono kwa uzito wake. Rudia mpaka uione ikichungulia upande wa pili. Ikishakauka, ziba mshono kwa silanti (gundi ya kuzibia) ya magari inayopakika rangi. Silikoni ya madirishani haifai, kwani rangi haiishiki, na aina nyingi zake hutoa asidi zikikauka.

Pindo likiwa limevimba na kufumuka, halitibiki kwa kumimina. Likunjue taratibu kwa koleo na nyundo, safisha mabati yote mawili mpaka chuma, paka praima ndani, kisha ulikunje tena juu ya chuma kizito kilichoshikwa upande wa pili. Matundu ya kutolea maji yasizibwe kwa silanti. Wakati wa kuziba, ingiza njiti ya kiberiti katika kila tundu na uitoe silanti ikianza kukauka.

Rangi nipulizie lini, na kwa utaratibu gani?

Anza na praima ya epoksi, si ile ya kijivu ya kawaida ya kopo moja. Praima ya kawaida ina vitundu vidogo na hupitisha unyevu; mlango uliopakwa hiyo tu na kuachwa ukisubiri rangi kwa mwezi huanza kushika kutu chini yake. Puliza mara mbili, ndani na nje, ukihakikisha fremu ya ndani imepata ya kutosha. Juu ya epoksi huja praima ya kujaza, msasa wa maji namba 400 hadi 600, kisha rangi yenyewe.

Hali ya hewa huamua mengi. Bati likiwa baridi kuliko hewa yenye unyevu, umande hutua juu yake bila kuonekana, na rangi hukamatana na maji badala ya chuma. Kanuni ya wapakaji ni kwamba joto la bati lizidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, kwa angalau nyuzi tatu za Selsiasi. Kwa mtu wa pwani, maana yake ni kutopuliza alfajiri wala magharibi, bali kuanzia saa nne asubuhi jua likishakausha kila kitu, na kuacha kazi ya rangi wakati wa masika. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, mvua ni chache na hewa hukauka zaidi, ingawa upepo huleta vumbi. Mwagia maji sakafu na ukuta wa karibu kabla ya kupuliza.

Kompresa nayo huzalisha maji. Weka kichujio cha maji kwenye mpira na ufungue koki ya tangi kabla ya kila zamu, la sivyo utaona vijidoa vya duara kwenye rangi.

Kuna hatari gani kwa afya?

Mbili ni kubwa na hazionekani. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Piga msasa wa maji badala ya mkavu, watoto wakae mbali, kusanya tope lote badala ya kulimwaga bustanini au karibu na kisima, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ya pili ni isosayaneti, iliyomo ndani ya kichocheo cha rangi nyingi za sehemu mbili. Humpa mpulizaji pumu ambayo inaweza kudumu maisha, na barakoa ya kitambaa au ya hospitali haisaidii chochote. Vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, ifunge sawasawa usoni, na ufanye kazi mahali ambapo hewa inapita. Kama huna barakoa ya aina hiyo, usipulize rangi ya sehemu mbili nyumbani. Peleka mlango kwenye chumba cha rangi, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Watu humimina oili chafu ndani ya milango. Ni sawa?

Huzuia kutu kwa muda, lakini siipendekezi. Oili iliyotumika imebeba asidi na chembe za metali kutoka kwenye injini, hulainisha na kuvimbisha raba za mlango, hudondoka sakafuni na hushika vumbi ambalo mwishowe huziba matundu yaleyale tuliyoyafungua. Tumia nta ya matundu ya gari, inayopulizwa kwa mpira mwembamba kupitia matundu ya kava, au grisi ya lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) iliyopashwa moto ikawa nyepesi. Fanya hivyo baada ya rangi kukauka kabisa, kwa kuwa nta ikigusa bati kabla ya rangi, rangi haitashika hapo kamwe. Kisha rudisha ile karatasi ya plastiki nyuma ya kava. Mafundi wengi huitupa, na kava hunyonya maji yote na kuoza.

Mlango wangu ni wa Land Rover ya zamani. Maelekezo haya yanafaa?

Kwa sehemu tu. Land Rover za zamani, tangu zilipoanza mwaka 1948, zina bati la nje la aloi ya aluminiamu juu ya fremu ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana palipo na maji, aluminiamu huliwa kwanza. Utaona unga mweupe chini ya rangi ukingoni, huku fremu ya chuma ikishika kutu kwa ndani. Usizamishe bati hilo kwenye molasesi wala kwenye soda, na usilichomelee kwa waya wa chuma. Kazi yake ni kutenganisha metali hizo kwa praima ya epoksi na silanti katika kila mahali zinapokutana, zikiwemo riveti.

Nikibadilisha rangi ya gari, kuna la kufanya kisheria?

Rangi ya gari imeandikwa kwenye hati za usajili, Tanzania na Kenya pia. Ukirudisha rangi ileile, hakuna la ziada. Ukiibadilisha, nenda TRA (Tanzania) au NTSA (Kenya) kuliko kusubiri kuulizwa barabarani. Kwa 504, rangi nyeupe au ya maziwa ndiyo inayolipendeza gari hilo zaidi, na ndiyo rahisi kulinganisha baadaye mlango ukikwaruzwa.

Baada ya kumaliza, mlango utunzwe vipi?

Badilisha raba za kioo siku ileile unaporudisha mlango. Kuziacha za zamani ni kuanza upya safari uliyokwisha kuimaliza. Kabla ya masika ya kila mwaka, zibua matundu ya chini kwa kipande cha waya laini uliofunikwa plastiki, mimina kikombe cha maji safi juu ya kioo kilichofungwa, na uangalie chini kama maji yanatoka ndani ya dakika moja. Yakichelewa, ondoa kava na usafishe. Kwa gari linaloegeshwa karibu na bahari, suuza ndani ya milango kwa maji yasiyo na chumvi mara moja kila mwezi, kisha liache milango wazi juani mpaka likauke. Nta ya ndani ipulizwe upya kila baada ya miaka miwili au mitatu, na mkwaruzo wowote unaofika kwenye chuma upakwe praima wiki hiyohiyo.